Ada ya maegesho: Mfanyabiashara wa Bukoba na Muleba amlalamikie nani?

Ndizi zikipanda bei katika soko la Bukoba, lawama hupewa kiangazi, bei ya mafuta, au ule ugonjwa wa mnyauko ulioingia wilayani Muleba mwaka 2006. Mara chache hutajwa karatasi ndogo inayobanwa chini ya waipa ya pikapu wakati mwenye mzigo akihangaika na vibarua kushusha mikungu. Karatasi hiyo, ambayo siku hizi aghalabu hufuatwa na ujumbe wa simu wenye namba ya malipo, ni ada ya maegesho. Na katika mji kama Bukoba, ambako soko, stendi, benki na maduka ya jumla vimesongamana katika mitaa michache tu, ni vigumu kwa mwenye gari la biashara kuikwepa.

Ada yenyewe ni ndogo ukiitazama peke yake. Ndiyo maana hujadiliwa zaidi vijiweni kuliko vikaoni. Mtu hulipa, hutukana kidogo, huwasha gari na kuondoka. Wiki inayofuata hurudi, hulipa tena na hutukana tena. Hakuna barua iliyoandikwa, hakuna diwani aliyeulizwa, na mwaka wa fedha unapoanza kiwango kinaweza kuwa kimepanda bila mtu yeyote kushtuka.

Chukua hesabu ya mfano. Mchuuzi anatoka Muleba na pikapu yenye mikungu 60, akitarajia faida ya Sh500 kwa mkungu baada ya kuondoa mafuta, vibarua na ushuru wa soko. Faida yake ya safari ni Sh30,000. Akiegesha saa nne kwa ada ya Sh300 kwa saa atalipa Sh1,200, sawa na Sh20 kwa kila mkungu, yaani asilimia 4 ya faida. Inauma, lakini haiui.

Sasa mtu huyo asijue kwamba anadaiwa, kwa sababu gari ni la kukodi na ujumbe wa deni umekwenda kwenye simu ya mwenye gari aliyeko Mwanza. Deni likae mpaka lipate faini ya Sh10,000. Hapo mkungu mmoja umebeba karibu Sh187 badala ya Sh20, na zaidi ya theluthi ya faida imekwenda na maji. Viwango hivi ni vya kupigia hesabu tu, kila mamlaka ina vyake, lakini uwiano ndio huo. Kinachomvunja mgongo mfanyabiashara mdogo ni faini na utaratibu wake zaidi kuliko ada ya saa. Hata hivyo, ukisikiliza manung'uniko ya barazani, kilio chote kiko kwenye ada.

Hilo ni kosa la kwanza la wengi wanaolalamika. La pili ni kutojua wanamlalamikia nani.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi. Ada ya maegesho ilikuwa mali ya halmashauri, kwa nguvu ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya mwaka 1982, na mtoza ushuru alikuwa mtumishi wake au wakala aliyeshinda zabuni. Aliyekuwa na kero alikwenda ofisi ya Mkurugenzi, na akikosa jibu alimfuata diwani wake nyumbani jioni. Julai 2017 ikaja TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ikakabidhiwa barabara zilizokuwa chini ya halmashauri pamoja na kazi ya kukusanya fedha za maegesho. Diwani aliyezoea kuulizwa akajikuta hana mkono kwenye jambo linalofanyika katika kata yake mwenyewe. Mwaka 2021 ukaja mfumo wa kielektroniki: mkusanyaji anapiga namba ya gari kwenye mashine, deni linaingia, mwenye gari analipa kwa simu. Malalamiko yakawa mengi katika miji mikubwa, hasa ya watu kukuta madeni na faini ambazo hawakujua zilianza lini.

Mfumo huo haukuwa mbaya wote. Ulipunguza fedha za mkononi, na kila mwenye duka anajua fedha za mkononi hupenda kuishia wapi. Ila ulimwondoa yule mtu aliyekuwa akisimama mbele ya gari na kitabu cha stakabadhi, ambaye ungeweza kumwambia kwamba umesimama dakika tano kushusha mafuta ya kula na akakuelewa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua yoyote, mwenye kero afanye jambo moja: asome stakabadhi yake. Stakabadhi halali iliyotokana na namba ya malipo ya serikali huonyesha jina la taasisi inayolipwa. Kama ni wakala wa barabara, Baraza la Madiwani linaweza kuhoji lakini halitaweza kufuta. Kama ni halmashauri, basi mlango ni wa halmashauri. Na kama stakabadhi haina jina la taasisi, hiyo si kero ya ada tena, ni jambo la kupeleka TAKUKURU au polisi.

Muleba suala hili lina mkanganyiko wa namna yake. Mji umekua kandokando ya barabara kuu itokayo Bukoba kwenda Biharamulo. Barabara hiyo ni ya TANROADS, na Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 inalinda hifadhi yake ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Duka liko mbele ya hifadhi, mteja anasimamisha gari ndani ya hifadhi, stendi ni ya halmashauri, na kichochoro cha kuingia sokoni kiko chini ya TARURA. Gari moja linaweza kugusa mamlaka tatu katika hatua mia moja. Anayetozwa hapo ana haki ya kuuliza swali la kitoto lakini lenye uzito: ardhi hii niliyosimama ni ya nani, na aliyenitoza ametumwa na nani?

Tofauti nyingine ni ya kisheria. Bukoba ni manispaa, inaongozwa na Sheria ya Mamlaka za Miji Na. 8 ya mwaka 1982. Muleba ni halmashauri ya wilaya, iko chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka huohuo. Huku kuna Mstahiki Meya, kule kuna Mwenyekiti. Kwa mlipaji tofauti kubwa iko kwenye mfuko. Manispaa ya Bukoba, yenye kata 14 na watu 128,796 kwa sensa ya mwaka 2012, huishi kwa mji: maduka, viwanja, masoko, stendi. Muleba, iliyokuwa na watu 540,310 katika sensa hiyo, ina kahawa, ndizi na samaki wa mwambao na visiwa vya Ziwa Victoria. Halmashauri yenye ushuru wa mazao inaweza kusamehe magari machache mjini. Yenye mitaa tu haiwezi kirahisi, na anayekwenda kulalamika Bukoba aende akijua hivyo.

Hoja inayotolewa mara nyingi na wenye magari ni kwamba barabara wameshailipia. Na kweli wameilipia. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya Mfuko wa Barabara. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa katika bajeti ya 2017/18, makali yake yalihamishiwa kwenye mafuta kwa Sh40 kwa lita. Mwaka 2021/22 ikaongezwa Sh100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Pikapu inayokula lita 12 kwenda Bukoba na kurudi imechangia Sh1,200 kwa nyongeza hiyo ya mwisho peke yake, kiasi kilekile cha saa nne za maegesho katika hesabu ya hapo juu. Mfanyabiashara huyohuyo, kama ana duka, hudaiwa pia ushuru wa huduma, ambao sheria iliuwekea kikomo cha asilimia 0.3 ya mauzo, bila kujali amepata faida au hasara.

Hoja hiyo ina nguvu mbele ya mbunge. Mbele ya mhasibu wa halmashauri haina, kwa sababu atajibu kwamba tozo ya mafuta ni ya kupita barabarani, na ada ya maegesho ni ya kukalia nafasi ambayo mwingine anaitaka. Jibu hilo si la ujanja. Mita za maegesho za kwanza duniani zilifungwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, kwa senti tano za huko kwa saa. Shida iliyokuwapo ilikuwa ya wafanyakazi wa mjini kuegesha asubuhi na kuondoka jioni, wateja wakazunguka mpaka wakakata tamaa ya kununua. Wenye magari walipiga kelele, lakini wenye maduka waliona nafasi zikizunguka na wateja wakirudi, na wale wa upande wa barabara usiokuwa na mita wakaomba nao wafungiwe.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo halitawafurahisha wasomaji wengine. Mwenye duka anayefungua saa mbili asubuhi, akaegesha gari lake mbele ya mlango mpaka saa kumi na mbili jioni, ndiye anayefukuza mteja wake mwenyewe. Bukoba mjini magari ya aina hiyo yapo, na wenyewe hawakosekani miongoni mwa wanaolalamika kwa sauti kubwa. Malalamiko yao yakichanganywa na ya mchuuzi wa ndizi, ya mchuuzi hupotea.

Mchuuzi anahitaji kitu tofauti: sehemu maalumu ya kupakia na kushusha mizigo, muda wa neema kabla ada haijaanza kuhesabiwa, na faini isiyozidi uwezo wa mzigo. Mwenye mchomoko wa Muleba, ambaye husimama kushusha abiria wanne na kubeba wengine wanne, anahitaji kujua kama malipo yake ya stendi yanamfunika akisimama mtaani. Hayo yanaweza kuandikwa kwenye sheria ndogo. Kufuta ada yote ni ombi ambalo mkurugenzi yeyote atalisoma na kuliweka kando.

Sheria ndogo haitoki hewani. Halmashauri inapotaka kutoza au kupandisha kiwango inapaswa kuwatangazia wakazi nia yake na kupokea maoni na pingamizi, kisha rasimu ipite Baraza la Madiwani, iidhinishwe na Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kila hatua ni mlango wa kulalamikia, lakini ulio mpana ni ule wa kwanza, wa tangazo. Tatizo ni kwamba tangazo hubandikwa ubaoni ofisini, mahali ambapo mwenye duka huenda siku ya leseni tu. Chama cha wafanyabiashara kinachoweza kumpa mtu mmoja kazi ya kupita kila Ijumaa kusoma ubao huo, kimefanya zaidi ya chama kinachoitisha mkutano wa hasira mwezi Agosti.

Agosti ni kuchelewa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Makisio ya halmashauri huanza kutengenezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na Baraza hupitisha bajeti miezi ya mwanzo ya mwaka, kabla Bunge halijaanza kikao cha Aprili. Kiwango cha maegesho kinachokuuma leo kiliingia kwenye makisio wakati wewe ukihesabu mauzo ya Krismasi. Barua iliyofika Novemba inaweza kubadilisha tarakimu. Iliyofika Septemba inaomba halmashauri ijitoboe mfuko katikati ya safari, na hakuna mhasibu atakayekubali.

Barua yenyewe iwe fupi. Bukoba ni mji wa wasomi na barua huwa ndefu, zenye nakala kwa Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Mkoa, Mbunge, Waziri na Waziri Mkuu. Nakala nyingi kiasi hicho humpa kila mmoja sababu ya kudhani mwenzake atajibu. Kurasa mbili kwa Mkurugenzi, nakala kwa diwani wa kata na kwa TCCIA mkoa, zinatosha. Ndani yake ziwemo stakabadhi za mwezi mmoja, muda ambao magari yamesimama, na hasara kwa shilingi. Diwani naye akumbushwe tarehe ya kikao. Vikao vya kawaida vya Baraza hufanyika kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Hana haki ya kusema, lakini safu mbili za wafanyabiashara waliokaa kimya nyuma ya ukumbi husaidia kumbukumbu za madiwani.

Barua isipojibiwa kuna Baraza la Biashara la Wilaya na la Mkoa, yaliyo chini ya Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, na ambayo yalianzishwa kwa ajili ya mazungumzo ya aina hii hasa. Wafanyabiashara wadogo huyaona kama mikutano ya wakubwa. Wakiendelea kuyaona hivyo yatabaki hivyo.

Wapo wanaosema kulalamikia serikali ni kupoteza muda. Kumbukumbu zinawakatalia. Kodi ya maendeleo, iliyowafanya watu wazima walale porini wakikimbia mgambo, ilifutwa mwaka 2003 pamoja na msururu wa ushuru uliokuwa ukiitwa wa kero. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wadogo wakaondolewa ada ya leseni. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaachwa upite kutoka halmashauri moja kwenda nyingine bila ushuru, jambo lililomgusa moja kwa moja mwenye pikapu ya ndizi. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya Sh20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka, ili wasisumbuliwe na tozo nyingine. Yote hayo yalianzia kwenye manung'uniko ya wachuuzi.

Ila kila kilichofutwa juu kiliacha pengo chini. Halmashauri zilizonyang'anywa kodi ya maendeleo ziliahidiwa ruzuku kutoka Hazina, na ruzuku huja kwa masharti na kwa wakati wake. Maegesho, mabango, stendi na vyoo vya soko vikawa miongoni mwa vitu vichache ambavyo mkurugenzi angeweza kuvikusanyia mwenyewe. Anayefuta kimoja aulize kitakachofuata ni kipi.

Bukoba wenyewe wana kumbukumbu chungu ya malalamiko yaliyogeuka kuwa jambo jingine. Mipango ya manispaa ya kubomoa na kujenga upya Soko Kuu, pamoja na miradi ya viwanja na stendi, iliwagawa viongozi kati ya mwaka 2012 na 2014, Meya Anatory Amani akiwa upande mmoja na Mbunge Khamis Kagasheki upande wa pili. Swali la wenye vibanda lilikuwa la kawaida kabisa: watahamishiwa wapi, kwa muda gani, na wakirudi watapata nafasi zao? Swali hilo likamezwa. Agosti 2013 madiwani 8 wa CCM walifukuzwa na chama mkoani, ngazi ya taifa ikaingilia kati. Vikao vya Baraza vikakwama. Na Januari 2014 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akawasilisha Bukoba taarifa ya ukaguzi maalumu. Muda wote huo mwenye kibanda aliendelea kulipa ushuru wake wa kila siku. Kero ya biashara ikishapata mwenyewe wa kisiasa, hufuata ratiba ya mwanasiasa huyo.

Nairobi wamepita njia ya mahakama. Sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka 2013 ilipopandisha maegesho ya katikati ya jiji kutoka Sh140 za Kenya hadi Sh300 kwa siku, wapinzani wake walikwenda kortini wakishika Katiba ya mwaka 2010, inayotaka wananchi washirikishwe kabla ya maamuzi ya aina hiyo. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama ya mawakili, ambayo wenye pikapu za Muleba hawana. Lakini hoja ya kutoshirikishwa inafaa hata bila wakili: mwombe Mkurugenzi akuonyeshe tangazo lilibandikwa lini, maoni yalipokewa lini, na namba ya Gazeti la Serikali ni ipi. Akiwa navyo, umejifunza. Akiwa hana, mazungumzo yatakuwa mengine.

Kwa mwenye mtaji mdogo na kiwanja kilicho karibu na soko, habari hii ina upande wa pili. Ada ya mtaani ndiyo inayopanga bei ya uwanja binafsi wa kuegesha. Ikiwa bure, hakuna atakayeingia kwako. Ikipanda, malori ya Mutukula na magari ya Muleba yatatafuta uzio, mlinzi na taa ya usiku. Asikimbilie kumwaga changarawe kabla hajajua kiwango cha mwaka ujao kitakuwa kipi, kwani kinaweza kubadilishwa na kikao kimoja cha Februari, na kibali cha kuendesha uwanja huo kitatoka kwenye ofisi ileile inayotoza mtaani.

Madiwani waliochaguliwa Oktoba 29, 2025 waliikuta ada hii mezani. Bajeti yao ya kwanza kuitengeneza wenyewe ni ya 2026/27, na ile itakayofuata itaanza kuandikwa mwishoni mwa mwaka 2026. Anayetaka sehemu ya kushushia mikungu karibu na soko aanze kutunza stakabadhi zake mapema.